Njia Mbili Zisizokatika Pamoja: Upangaji wa Simu za Dharura Mkoani Simiyu

Saa nane usiku, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Meatu, mama mjamzito anaanza kutokwa na damu. Mumewe anachukua simu ya mkononi na kupiga 115. Namba hiyo hailipiwi. Upande wa pili anapokea mtu mwenye mafunzo, ambaye huuliza maswali machache, huamua mgonjwa apelekwe kituo kipi cha afya, kisha hutafuta chombo cha kumchukua: gari la wagonjwa likiwapo karibu, na lisipokuwapo, dereva wa palepale aliyekwisha kuandikishwa kwa kazi hiyo, ambaye malipo yake hutumwa kwa simu. Huo ndio mpango unaojulikana kwa jina la m-mama. Ulianzia Sengerema na Shinyanga katika miaka ya 2010, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuwa mpango wa taifa zima.

Mengi yameandikwa kuhusu faida ya mpango huo, nami sina la kuongeza. Makala hii inahusu kipande kimoja tu cha safari ya mama huyo, nacho ni zile sekunde chache baina ya kubonyeza namba na kusikia sauti ya binadamu. Je, waya ukiwa umekatika usiku huo, simu itapita wapi? Ili kulijibu swali hilo nimebuni kituo cha kupokea simu, nikakiweka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Mitambo ya kituo hicho nimeipanga mwenyewe kwa ajili ya maelezo. Sielezi mitambo ya ofisi yoyote iliyopo. Nimeichagua Bariadi kwa sababu mkoa huu una takriban kila tabu ambayo mhandisi wa simu hana budi kuifikiria: mito inayojaa ghafla wakati wa mvua, barabara kuu moja ya lami, vijiji vilivyotawanyika mbalimbali, na umeme ambao haufiki kila mahali.

Sauti iliyokatwa vipande

Wasomaji wa rika la wazazi wangu wanaikumbuka simu ya Shirika la Posta na Simu. Ulipopiga, mitambo iliunganisha waya wako na waya wa yule uliyemtaka, na njia hiyo ikawa yenu nyinyi wawili mpaka mmoja aweke mkono wa simu chini. Hata mliponyamaza, hakuna mwingine aliyeweza kuitumia.

Kituo cha kisasa hakifanyi hivyo. Sauti ya mpigaji hupimwa mara 8,000 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, ndiyo maana sekunde moja ya maneno huwa biti 64,000. Kisha sauti hukatwa katika vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hutiwa katika pakiti yenye anwani, mfano wa barua ndani ya bahasha. Pakiti 50 hutoka kila sekunde. Tukijumlisha uzito wa bahasha zenyewe, mazungumzo ya mtu mmoja huhitaji kilobiti 80 hivi kwa sekunde katika kila upande. Watu kumi wakizungumza kwa pamoja hawajafikisha hata megabiti moja. Kwa hiyo yule anayedai kwamba njia ya akiba haiwezekani kwa sababu ya ukubwa wa gharama ya waya hajapiga hesabu. Hata mawimbi ya mnara wa simu za mkononi hutosha kubeba kituo kidogo.

Tatizo la pakiti za sauti ni kwamba hazina subira. Barua ikichelewa nusu saa haiharibiki, lakini neno likichelewa sana huwafanya wanaozungumza wakatishane. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri kwamba ucheleweshaji kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko umbali wa karibu kilometa 36,000, na pakiti ikipanda na kushuka imekwisha kutumia robo ya sekunde kwa mwendo wa mwanga peke yake. Njia hiyo tutaiweka ya mwisho kabisa. Haifai kutupwa, maana mama anayevuja damu ni heri asikike kwa kuchelewa kuliko kutosikika.

Jambo moja zaidi hapana budi lifahamike kabla hatujaendelea. Simu ya namna hii ina safari mbili. Ya kwanza ni ya maagizo: nani anampigia nani, simu inalia, imepokelewa, imekatwa. Maagizo hayo huendeshwa na itifaki iitwayo SIP, ambayo muundo wake unaotumika hadi leo uliwekwa mwaka 2002. Safari ya pili ni ya sauti yenyewe, nayo yaweza kupita njia tofauti kabisa na ile ya maagizo. Ndiyo sababu hutokea simu ikalia vizuri, ikapokelewa, kisha kila mmoja akaita "haloo, haloo" asisikie kitu. Maagizo yamefika, sauti imepotea njiani. Mtu akikuambia kwamba njia yake ni nzima kwa sababu simu inalia, mwulize kama amezungumza.

Njia mbili, au njia moja yenye majina mawili?

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme njia moja ya mawasiliano kutoka Bariadi hufanya kazi kwa asilimia 99 ya wakati. Kwa masikio hilo ni jambo zuri. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia moja iliyobaki ni saa 87 na dakika 36, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za ukimya. Tukiongeza njia ya pili yenye ubora uleule, na ikiwa njia hizo mbili hazihusiani kwa lolote, uwezekano wa kukatika zote kwa pamoja ni moja katika 10,000. Sasa ukimya wa mwaka mzima ni dakika 53 hivi. Kutoka siku tatu na nusu hadi chini ya saa moja! Wauzaji wa mitambo huipenda sana hesabu hii.

Uongo wake umo katika maneno "hazihusiani kwa lolote". Tuseme nusu ya hitilafu za kila njia hutokana na sababu inayozipiga zote mbili kwa mara moja: umeme wa chumba kimoja, daraja moja, swichi moja. Hapo ukimya wa pamoja hauwezi kupungua chini ya nusu asilimia, yaani karibu saa 44 kwa mwaka. Tumelipia njia ya pili, tumepata nusu tu ya nafuu. Tukiongeza ya tatu inayopita daraja lilelile, saa 44 zitabaki palepale.

Tarehe 12 Mei 2024 nchi yetu ilifundishwa somo hili hadharani. Nyaya mbili za chini ya bahari, Seacom iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Ni nyaya za wenyewe mbalimbali, zenye mikataba mbalimbali, na katika karatasi za wateja zilihesabiwa kuwa njia mbili. Lakini zote hufika nchi kavu katika mji uleule wa Mtunzini. Upande wa kaskazini nako, nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika tangu Februari mwaka huohuo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa.

Msomaji atauliza: simu ya kutoka Meatu kwenda Bariadi inahusu nini na bahari ya Durban? Isingepaswa kuhusu chochote. Lakini vituo vingi siku hizi hukodi mitambo ya kuelekeza simu kutoka kwa kampuni za ng'ambo, ambazo kompyuta zake zaweza kuwa Afrika Kusini au Ulaya. Maagizo ya simu hutoka mkoani, huvuka bahari, huamuliwa huko, kisha hurudi. Katika siku za kawaida hakuna anayetambua. Kwa maoni yangu kanuni ya kwanza ya kituo cha dharura iwe hii: simu inayoanzia na kuishia ndani ya nchi iamuliwe ndani ya nchi, hata kama huduma ya ng'ambo ni rahisi zaidi kwa bei.

Tukirudi nchi kavu, barabara kuu ya Simiyu hutoka Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria, hupita Bariadi na Maswa, ikaishia Mwigumbi kwenye barabara ya Mwanza na Shinyanga. Mikongo ya mawasiliano aghalabu hufuata barabara, kwa kuwa ndipo penye ruhusa ya kuchimba na pa kufikika kwa urahisi. Jiografia hiyo inatupa zawadi, maana Bariadi iko katikati na ina milango miwili. Njia ya kwanza ya kituo chetu itatoka kwa mlango wa Lamadi, ielekee Mwanza. Ya pili itatoka kwa mlango wa Maswa, ielekee Shinyanga. Greda likikata waya upande wa Maswa, upande wa Lamadi haujui. Njia ya tatu haitagusa ardhi: itakuwa ya mawimbi, kutoka mnara hadi mnara, kwa kampuni nyingine.

Hapo ndipo kazi ya upelelezi inapoanza. Je, mnara wa njia ya tatu unashushia mzigo wake kwenye mkongo gani? Mara nyingi mnara huwa na mawimbi kwa hatua moja tu, kisha mazungumzo yakaingia katika waya uleule tuliotaka kuukimbia. Je, nyaya mbili zinazotoka Bariadi kwa milango miwili hazipiti mfereji mmoja katika mita mia za mwanzo, kutoka jengo letu hadi barabarani? Niliwahi kuitwa kuitazama ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na mikataba miwili ya makampuni mawili na fahari kubwa juu yake. Fundi wa maji alikuja na sururu kutengeneza bomba nje ya ukuta. Kwa pigo moja akazikata njia zote mbili, kwa kuwa kampuni ya pili ilikuwa imekodi nafasi katika bomba la kampuni ya kwanza. Mikataba ilikuwa miwili, bomba lilikuwa moja. Tangu siku hiyo huwa sisomi mikataba kwanza. Naomba ramani, kisha navaa viatu vya shamba.

Sekunde thelathini na mbili

Tuseme sasa njia zetu ni mbalimbali kwa hakika. Bado hatujamaliza, kwa maana mitambo hapana budi itambue kwamba njia imekufa, tena itambue upesi.

Itifaki ya SIP ilitungwa na watu wenye uvumilivu. Inapotuma ombi la kuunganisha simu na isipate jibu, hurudia baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde 1, kisha 2, 4, 8 na 16. Ikifika sekunde ya 32 bila jibu, ndipo hukata tamaa na kuruhusu njia nyingine ijaribiwe. Kompyuta haioni kwamba sekunde 32 ni nyingi. Lakini wewe msomaji jaribu kushika simu sikioni na kuhesabu hadi 32 huku nyumba nzima inakutazama. Mpigaji atakata kabla ya hapo na kupiga upya, na hesabu itaanza tena kwenye sifuri. Kituo cha namna hiyo kina njia ya akiba ambayo hakuna mpigaji atakayeifikia, na taarifa ya mwisho wa mwezi itaonyesha tu kwamba "wapigaji walikata wenyewe".

Dawa ni kutoisubiri simu ya mgonjwa ndiyo igundue ubovu. Mtambo wa kampuni ya simu, ambao ndio hukabidhi simu za 115 kwa kituo, upewe kazi ya kupiga hodi katika kila njia kila baada ya sekunde 10 hivi, mchana na usiku, kwa ujumbe mfupi usiobeba simu. Hodi tatu zisipoitikiwa, njia hiyo iwekewe alama ya ubovu na simu zisipelekwe huko. Pamoja na hayo, muda wa kungoja ombi halisi upunguzwe kutoka sekunde 32 hadi 3 au 4. Njia iliyofufuka isirudishwe kazini mara moja, bali itazamwe dakika chache kwanza. Waya ulioharibika nusu huzimika na kuwaka kama taa ya kibatari kwenye upepo, na mtambo ukiufuata utakuwa ukihamahama na kukata mazungumzo kila mara.

Mtambo vilevile usichanganye kimya na jibu. Kituo kikijibu kwamba kimezidiwa, simu ipelekwe kituo kingine. Njia ikikaa kimya, ijaribiwe njia nyingine ya kituo kilekile. Hayo ni magonjwa mawili, na hayatibiwi kwa dawa moja. Tena kuna mtego: Bariadi ikiambiwa itume ziada Shinyanga, na Shinyanga ikiambiwa itume ziada Bariadi, usiku ambao zote mbili zimejaa simu moja itarushwa huku na huku kama mpira. Watunzi wa SIP waliliona hilo, wakaipa kila simu idadi ya hatua, kwa kawaida 70, inayopungua kila inapokabidhiwa. Ikifika sifuri simu hufa. Ni kinga dhidi ya kujaza mtandao, haimsaidii mgonjwa. Mpangaji mwenyewe ndiye aandike kwamba simu iliyokwisha kurushwa mara moja isirushwe tena, bali iwekwe foleni.

Hesabu ya Mdenmarki

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni kuigawa kazi nusu kwa nusu baina ya njia mbili na kusema kwamba sasa tuna akiba. Ili tulione kosa hilo twahitaji hesabu ya Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na ambaye mwaka 1917 alichapisha fomula inayotumika hadi leo.

Tuseme katika saa yenye kazi nyingi kituo chetu hupigiwa simu 30, na kila moja huchukua dakika 4. Hizo ni dakika 120 za mazungumzo ndani ya dakika 60. Maana yake, kwa wastani watu wawili wanazungumza wakati wowote. Asiyejua hesabu atatenga nafasi mbili. Lakini simu hazipangi foleni kabla ya kuja. Huja tatu kwa pamoja, kisha kimya. Fomula ya Erlang inasema kwamba kwa nafasi 2, simu 40 katika kila 100 zitakuta njia imejaa. Kwa nafasi 3 zitakuwa 21. Kwa nafasi 4, karibu 10. Kwa nafasi 5, chini ya 4, na kwa nafasi 6, kama 1 tu.

Basi mpangaji anatenga nafasi 6, tatu upande wa Lamadi na tatu upande wa Maswa, na katika siku njema mambo ni safi. Siku ambayo upande mmoja umekatika zinabaki nafasi 3, na zaidi ya simu moja katika kila tano inakataliwa. Hata hivyo tumekadiria kwa wema, kwani fomula hudhani kwamba aliyekataliwa huondoka zake, ilhali mtu mwenye mgonjwa hupiga tena na tena, na mzigo huzidi. Kila njia hapana budi iweze kuubeba mzigo wote peke yake: sita huku na sita kule. Tumekwisha kuona kwamba waya una nafasi ya kutosha. Kinachobana aghalabu ni mkataba, ambao hutaja idadi ya mazungumzo ya pamoja, na idadi hiyo huandikwa na mtu wa fedha.

Mtu aliye upande wa pili

Tufikirie sasa kwamba si waya bali kituo chenyewe cha Bariadi kimezimika: umeme umekatika, betri zimekwisha, jenereta halina mafuta. Simu ya Meatu inaelekezwa Shinyanga, nayo inafika kwa sekunde tatu. Mitambo imeshinda. Je, mama ameshinda?

Mpigaji anazungumza Kisukuma kwa haraka na hofu. Anataja kijiji kinachoanza na "Mwa", kama vinavyoanza vijiji vingi sana vya Usukuma, na mtu asiye mwenyeji akikosea silabi moja gari litakwenda Itilima badala ya Meatu. Shinyanga ni chaguo jema kwa sababu hii hasa: mpokeaji wa huko ana uwezekano mkubwa wa kuelewa lugha na majina. Katika michoro ya wahandisi vituo vyote ni visanduku vinavyofanana, na kompyuta ingependa kupeleka ziada kwenye kisanduku chenye nafasi kubwa zaidi, ambacho huenda kikawa Dar es Salaam. Mimi ningeipanga Shinyanga kuwa ya kwanza, Mwanza ya pili, na Dar es Salaam ya mwisho.

Lakini hata mwenyeji hana msaada bila orodha ya madereva. Orodha ya Meatu ikiwa imehifadhiwa katika kompyuta iliyoko Bariadi tu, basi imezimika pamoja na Bariadi. Hapana budi nakala yake iwe Shinyanga kabla ya ajali, ihuishwe kila siku, na nakala nyingine ichapishwe katika karatasi na kutundikwa ukutani, juu yake pameandikwa tarehe. Wanafunzi wangu hucheka ninapofika kwenye karatasi. Nawaacha wacheke, kisha nawauliza betri ya kompyuta zao hudumu saa ngapi.

Linabaki jaribio. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta la jengo mojawapo la abiria likakataa kuwaka. Jenereta lilikuwapo. Mwalimu wangu wa ng'ambo, aliyesimamia shahada yangu, alikuwa na tabia ya kuingia maabara katikati ya maonyesho ya mwanafunzi na kuchomoa waya mmoja bila kusema ni upi. Tulimchukia sana. Kwa kituo cha Bariadi ningeagiza hivyohivyo, kila mwezi, saa nne asubuhi wakati wapokeaji wote wapo kazini na Shinyanga imearifiwa: njia ya Lamadi ichomolewe, simu ya majaribio ipigwe kutoka Mwanhuzi, na saa ishikwe mkononi. Mpigaji aulize swali na ajibiwe, ili tujue kwamba sauti imepita pande zote mbili. Kisha ichomolewe ya Maswa. Kisha kizimwe kituo kizima, na mpokeaji wa Shinyanga atakiwe kumpigia dereva mmoja wa kijiji atakachotajiwa wakati huohuo, kwa namba iliyo katika karatasi yake. Ikiwa namba hiyo imekwisha kubadilika, jaribio limeshindwa, hata kama kila waya umefanya kazi yake.